Kwa nini yeye na si mimi: hadithi za kazi na Mungu jijini Nairobi

Saa kumi na mbili unusu asubuhi, nje ya geti la kiwanda upande wa Lunga Lunga, watu huwa hawaongei sana. Wengi wametembea kutoka Mukuru, ovaroli zimekunjwa kwapani, vitambulisho viko mfuko wa shati. Supavaiza anatoka, anazipitia nyuso kwa macho, ananyoosha kidole: wewe, wewe, na yule wa kofia. Geti linafungwa. Shughuli nzima haimalizi dakika tano na hakuna anayeelezwa lolote.

Nilisimama kwenye geti la namna hiyo kwa wiki sita nilipomaliza chuo. Siku nilizochaguliwa nilibeba magunia. Siku nilizoachwa nilienda na walioachwa kwenye kibanda cha chai. Kutoka getini hadi kibandani ni mwendo wa dakika mbili, na ndani ya dakika hizo kidole cha supavaiza kilikuwa kimeshageuka hadithi. Mmoja alisema leo ameamka bila kuomba. Mwingine akasema supavaiza na yule wa kofia wanatoka kijiji kimoja. Kijana aliyeachwa siku ya nne mfululizo alisema Mungu anamwandalia kitu kikubwa zaidi, na alisema kwa sauti ya mtu anayejibu swali ambalo hajaulizwa. Mzee mmoja alichovya mandazi, akatafuna, akatoa lake: riziki kama ajali, huitambui ijapo.

Ni mwendo huo wa dakika mbili ninaotaka kuufafanua hapa.

Tuanze na swali, maana pale kibandani kulikuwa na maswali mawili yaliyovaa koti moja. La kwanza: kwa nini wamechukua watu kumi na wawili leo na jana walichukua thelathini? Hilo lina jibu la kawaida. Lori limechelewa, oda imepungua, mashine moja imekufa. La pili: kwa nini yeye na si mimi? Hapo lori halisaidii kitu.

Mwanaanthropolojia Mwingereza E. E. Evans-Pritchard, aliyeishi na Wazande katika eneo ambalo leo ni Sudan Kusini, aliandika mwaka 1937 kuhusu ghala la nafaka. Ghala hukaa juu ya nguzo, na watu hupumzika chini yake kukwepa jua. Siku moja linaanguka na kuumiza walioketi. Wazande walijua vizuri kwamba mchwa ndio waliokula nguzo. Walijua pia kwamba watu hukaa pale kwa sababu ya kivuli. Walichouliza ni kwa nini nguzo zianguke saa ileile ambayo watu hawa, na si wengine, walikuwa wameketi. Jibu lao lilikuwa uchawi, na wasomaji wengi huishia kulicheka jibu. Swali lao hawalitazami tena, ilhali ndilo swali la getini. Sayansi ya mchwa ingesema matukio mawili yamekutana tu, basi. Lakini mtu aliyevunjika mguu hatosheki na “yamekutana”, na mtu mwenye watoto wawili wanaosubiri unga hatosheki pia.

Nairobi inalizalisha swali hili kwa wingi kuliko miji mingi, na sababu yake si kwamba tunapenda sana dini. John Mbiti, mwanateolojia mzaliwa wa Kitui, alishikilia tangu miaka ya 1960 kwamba kwa Mwafrika dini haina chumba chake pembeni. Imo shambani, kwenye karamu ya pombe, kwenye mitihani. Sawa. Ila mtu wa ofisini mwenye barua ya ajira anayo hadithi aliyokwisha kuandikiwa na mwajiri: umeingia daraja hili, baada ya miaka mitatu utapanda lile, ukifikisha sitini utakwenda nyumbani na pensheni. Anaweza kuichukia, lakini ina mwanzo na mwisho. Takwimu za serikali huonyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya wafanyakazi wa Kenya, ukiacha wakulima wadogo, wako jua kali. Jina hilo lenyewe linahusishwa na mafundi kama wale wa Kamukunji waliogonga mabati bila paa juu ya vichwa vyao. Na ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972, iliyohusu Kenya, ndiyo iliyoifanya dunia izoee kuzungumzia “sekta isiyo rasmi”. Huko jasho na malipo havitembei pamoja. Unaweza kufanya kazi vilevile Jumatatu na Jumanne, Jumatatu ukarudi na elfu moja na Jumanne ukarudi na nauli ya deni. Pengo hilo ndilo linaloomba hadithi.

Lugha yetu ililijua pengo hilo kabla ya wataalamu. Kazi ni unachokifanya. Riziki ni unachokipata. Na Kiswahili hakijawahi kudai kwamba hiki ni mshahara wa kile. Kazi unaitafuta, riziki unapewa. Hata mtu asiyekanyaga kanisani wala msikitini akiulizwa biashara ikoje atasema “tunamshukuru Mungu,” na usidhani amekwambia kama kuna faida.

Neno ninalolipenda zaidi ni kibali. Mama mboga wa Kariobangi anahitaji vibali viwili. Kimoja ni cha kaunti, na akikikosa kanjo watabeba nyanya zake pamoja na meza. Kingine ndicho anachoombewa Jumapili: Mungu akupe kibali mbele za watu, upendwe na wateja, hata adui akununulie. Neno ni lilelile, na sidhani ni ajali. Nimemsikia mmoja akikiri, akicheka, kwamba anakiomba cha pili ili asiulizwe cha kwanza.

Majina ya shida nayo yanatofautiana. Mlokole aliyefutwa kazi atakwambia yuko kwenye mapito, na mapito kwa jina lake tu yana upande wa pili. Mtu hapiti mahali pasipo na ng’ambo. Mwislamu wa Majengo aliyefutwa siku hiyohiyo atasema ni mtihani. Mtihani una msahihishaji. Wote wawili wamekosa mshahara uleule, lakini mmoja anajiuliza lini atafika ng’ambo, na mwenzake anajiuliza kama amejibu vizuri. Kwa wiki moja tofauti hiyo haionekani. Ikifika mwaka, inaonekana hata kwenye mwendo wa mtu.

Sasa twende kwenye umbo la hadithi zenyewe, na hapa nitakaa kidogo. Umbo linalotawala Nairobi ni ushuhuda. Mtu anasimama, anasalimia, “Bwana asifiwe,” anaitikiwa, kisha anashuka shimoni: nilikuwa nimesota, nimefungiwa nyumba, nimekula ugali na chumvi. Halafu inakuja siku fulani, mara nyingi yenye tarehe. Simu inalia. Na leo hii mnaniona nilivyo. Ukisikiliza shuhuda kumi utaona mifupa ni ileile na nyama tu ndiyo inabadilika.

Mifupa hiyo ina historia. Uamsho wa Afrika Mashariki, vuguvugu la Wakristo la kutubu na kuokoka, uliwaka Gahini, Rwanda, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1930, ukavuka Uganda, na mwaka 1937 kikundi cha wanauamsho kikafika Kabete, pembeni mwa Nairobi. Desturi yao kubwa ilikuwa kusimama mbele ya ndugu na kusema. Lakini walisema nini? Dhambi. Na kwa kuwa wengi walikuwa waajiriwa wa misheni, wa hospitali, wa shule na wa serikali, dhambi za kazini zilijitokeza: nimeiba sukari ya mwajiri, nimeandika masaa ambayo sikufanya. Wanauamsho walijulikana kwa kurudisha walichochukua. Ushuhuda wa kazi ulikuwa hadithi ya kile ulichomchukulia mwenzio bila haki. Leo ushuhuda wa kazi ni hadithi ya kile ulichopata. Umbo limebaki, mzigo umebadilishwa, kama lile lori lililobeba kabichi jana na leo linabeba mchanga.

Sisemi hivyo kwa dharau. Mwanasaikolojia Dan McAdams wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, amekusanya simulizi za maisha ya watu kwa miongo mingi, naye hutofautisha visa ambamo baya linaishia kwenye jema na visa ambamo jema linachafuka. Aligundua kwamba watu wazima wanaojituma zaidi kulea kizazi kinachofuata huelekea kusimulia maisha yao kwa mtindo wa kwanza. Kwa hiyo mama anayesimama Jumapili kusema Mungu amemtoa mbali anaweza kuwa anafanya kazi halisi: anajijenga mtu atakayeweza kuamka Jumatatu. Nimeona watu wakisimama wameinama na kuketi wamenyooka.

Shida inaanzia mahali hadithi inapokatwa.

Nenda bustani ya Jeevanjee saa saba mchana. Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara ambaye kampuni yake ilihudumia ujenzi wa reli, aliwapa wakazi wa mji kipande hicho mwaka 1906, na leo wakati wa chakula cha mchana hugeuka kanisa lisilo na kuta. Mhubiri ana kipaza sauti kidogo na taulo ya jasho. Wasikilizaji ni makarani, walinzi waliotoka zamu ya usiku, vijana wenye bahasha za kaki zenye vyeti. Hatua chache kutoka hapo kuna kundi lingine linalobishana kuhusu siasa na bei ya unga, na kuna wanaosikiliza huku na huku kwa sikio moja moja. Kaa hapo siku chache na hutakosa kumsikia Yusufu.

Yusufu anaifaa Nairobi kuliko mtu yeyote wa maandiko, na faida yake ni kwamba anatambulika pande zote mbili. Kitabu cha Mwanzo kinampa sura nyingi; Kurani inampa sura nzima, ya 12, na kuiita hadithi nzuri kuliko zote. Ni kijana aliyesalitiwa na ndugu, akauzwa nchi ya mbali, akafanya kazi za ndani, akasingiziwa na mke wa bosi, akafungwa. Mwambie hadithi hiyo dada aliyerudi kutoka Ghuba bila mshahara wake, hutahitaji kumfafanulia chochote.

Kuna kipande kimoja ambacho wenye bahasha za kaki hukisikiliza kwa makini. Gerezani Yusufu anamfasiria ndoto mnyweshaji wa mfalme, kisha anamwomba: ukitoka, unitaje. Mnyweshaji anatoka, anasahau. Kila mtu pale bustanini ana mnyweshaji wake, yule binamu aliyeajiriwa akasema “nitakupigia.” Mwanzo inasema ilipita miaka miwili kamili. Kurani inasema shetani alisahaulisha, naye akakaa gerezani miaka kadhaa, na wapo wafasiri Waislamu walioeleza kwamba alicheleweshwa kwa kuweka tumaini lake kwa kiumbe kabla ya Muumba. Wahubiri wengi wa Jeevanjee wangekubaliana nao bila kujua: acha kutegemea konekisheni, tegemea Mungu.

Lakini soma tena. Yusufu alitoka gerezani kwa njia gani hatimaye? Mnyweshaji alikumbuka. Konekisheni ilifanya kazi, ilichelewa tu. Hadithi moja inabeba mafunzo mawili yasiyopatana, na mwenye kipaza sauti ndiye anayechagua mahali pa kushusha sauti na mahali pa kupandisha.

Na mwisho je? Bustanini hadithi huishia ikulu, Yusufu amevalishwa pete, watu wanapiga makofi. Hakuna hata siku moja nimesikia sura ya 47 ya Mwanzo ikihubiriwa pale. Katika sura hiyo njaa inazidi, na Yusufu, sasa ni mkubwa serikalini, anawauzia watu nafaka hadi fedha zao zinakwisha. Halafu anachukua mifugo yao. Halafu ardhi yao, na wao wenyewe wanakuwa watumwa wa Farao. Mashamba ya makuhani pekee ndiyo yanaachwa. Kurani haina kipande hicho. Aliyekata hadithi ikulu amekwambia: vumilia, zamu yako inakuja. Aliyeiendeleza hadi sura ya 47 anakuuliza zamu yako ikija utawafanya nini wale uliowaacha kibandani. Maandiko ni yaleyale, mkasi ndio tofauti.

Mkasi mwingine hukata nafsi. Ushuhuda husemwa kwa “mimi”. Lakini Nairobi imewahi kusimulia kazi kwa “sisi”. Mwezi Mei 1950, wiki chache baada ya Nairobi kupewa hadhi ya jiji, viongozi wa wafanyakazi Fred Kubai na Makhan Singh walikamatwa, na maelfu ya vibarua wakaacha kazi kwa zaidi ya wiki. Getini kule hakuna aliyeuliza “kwa nini yeye”. Waliuliza kwa nini sisi sote, na swali hilo haliwezi kujibiwa na ushuhuda wa mtu mmoja hata angefunga siku arobaini. Musa na Waisraeli waliofyatulishwa matofali bila kupewa majani ni hadithi ya namna hiyo, nami nashangaa kwamba katika jiji lenye mijengo mingi hivi haipendwi kama ya Yusufu.

Wanasiasa waliuona mkasi huu zamani. Katika kampeni za mwaka 2022 William Ruto alijisimulia kama hasla aliyeuza kuku kando ya barabara, na waliokuwa wakikwama kwenye mageti wakajiona ndani yake. Mnamo Novemba mwaka huohuo serikali yake ikazindua mfuko wa mikopo wenye jina hilohilo. Bila kujali ulimpigia nani kura, tazama ufundi wake: “sisi” ya jua kali ilivalishwa umbo la ushuhuda wa “mimi”, na ikapita.

Kuna watu wawili ningewaalika Jeevanjee kama ingewezekana. Wa kwanza ni Max Weber, msomi Mjerumani, aliyesema kwamba mwenye bahati hatosheki kuwa na bahati. Anataka pia kuhakikishiwa kwamba anaistahili, na wasiokuwa nayo wamepata haki yao. Hapo ndipo ushuhuda unapogeuka, polepole, bila msemaji kukusudia. “Mungu amenitendea” ni shukrani. Ongeza nusu sentensi, “kwa sababu nilikuwa mwaminifu kwenye sadaka,” na aliyeketi nyuma yako bila kazi amehukumiwa bila kutajwa. Mwaka 2014 runinga moja ilipomfichua mhubiri aliyekuwa akitoza watu “mbegu”, yaani sadaka ya kupandia baraka, ya shilingi 310, mji ulicheka kwa wiki kadhaa. Tulicheka bei. Hesabu yenyewe, kwamba aliyevuna alipanda na asiyevuna hakupanda, wengi tuliirudia Jumapili iliyofuata.

Wa pili ni Diagoras wa Melos, Mgiriki wa kale ambaye kisa chake kinasimuliwa na Cicero. Rafiki yake alimwonyesha hekaluni picha zilizowekwa na mabaharia walioomba wakaokoka na dhoruba, akamwambia, wewe usiyeamini, huoni? Diagoras akajibu kwamba walioomba wakazama hawakuchorwa popote. Makanisani pia asiyepata hapewi kipaza sauti. Atapewa akishapata. Ila namwonea Diagoras kasoro moja: alidhani picha zile ni ushahidi tu, na akaukataa ushahidi. Aliyezitundika labda alikuwa analipa deni.

Nami nina picha yangu. Baada ya zile wiki sita nilipata kazi ya ukarani, na mama akaniomba nishuhudie kanisani kwake Kariobangi. Nilisimama, nikatengeneza: magunia, kufunga siku tatu, nguo moja nzuri, simu ikalia siku ya Jumanne. Watu wakaitikia vizuri. Katikati ya ushuhuda niliona shangazi ameketi benchi la tatu, mkoba mapajani. Shangazi ni mama fua. Yeye ndiye aliyenitaja kwa mama mmoja anayemfulia South B, ambaye mumewe alikuwa akitafuta karani. Nilimruka. Sikumficha, hadithi ilikuwa inakwenda kasi na hakukuwa na mahali pa kumshushia.

Hakuniambia kitu. Wiki mbili baadaye nilimpeleka kwenye chama chao, nikakaa mlangoni nikimsubiri, na nikamsikia akishuhudia. Jumamosi hiyo, alisema, mgongo ulikuwa umeniuma hata kuinuka siwezi, nikaazimia siendi kazini. Lakini nikafungua debe, unga hakuna. Nikasema, Bwana, kama unataka nile, nyanyua huu mgongo. Nikaenda kwa miguu. Nikamkuta mama mwenye nyumba, ambaye Jumamosi hakai nyumbani, amekaa analalamika kwamba karani wa mzee ametoroka. Nikamwambia, kuna kijana wetu. Akafurahi, akanilipa siku mbili mbele. Nikanunua unga, sukuma, na mafuta nusu lita.

Wamama wakaitikia. Mmoja akauliza, “Na mgongo?”

“Mgongo,” shangazi akasema, “ulipona hata sijamaliza kuanika.”